Joto Hili Ni Letu: Tule Nje, Tuvae Nyepesi

Kuna migahawa Dar es Salaam ambayo mwenye uzoefu haingii bila sweta. Nje ni Jumamosi ya Januari, saa nane mchana, nyuzijoto 32, na mvuke wa bahari umeifanya fulana igande mgongoni. Ndani, kiyoyozi kimekazwa mpaka vioo vinatoka jasho kwa niaba ya wateja. Vijana wameketi na jinzi nzito na buti, dada mmoja amejifunika mtandio mabegani kwa baridi, na chipsi zimepoa kabla picha hazijaisha kupigwa. Risiti ikitoka ina VAT ya asilimia 18, na pengine gharama ya huduma imepandishwa juu yake.

Pesa ni zao, na siku ya mapumziko kila mtu hupumzika anavyojua. Ninachobisha ni imani iliyojengeka juu ya mtoko wa aina hiyo: kwamba huko ndiko kula bata kwenyewe, na kwamba anayekula mishikaki kando ya barabara akiwa na ndala miguuni kafika hapo kwa kukosa uwezo. Mimi naona kinyume chake. Dar ina namna yake ya kula wikendi na ya kuvaa wakati wa kiangazi, namna iliyosimama juu ya upepo, kivuli, moto wa mkaa na nguo nyepesi. Ni namna nzuri, na inapungua kwa sababu mbili. Ya kwanza, tunaionea haya. Ya pili, mji hautunzi mahali pake.

Tuanze na joto lenyewe, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani yetu iko chini ya kaskazi. Jua ni kali, lakini kinachochosha zaidi ni unyevu. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho hupoza pale tu linapokauka. Hewa ikishajaa maji, jasho hubaki juu ya ngozi likitiririka bila faida. Mtu wa Dodoma anaweza kupambana na joto lake kwa kivuli peke yake. Mtu wa Dar anahitaji kivuli na hewa inayotembea. Wazee wa pwani walilijua hilo bila kufundishwa fizikia, ndiyo maana nyumba zao zilikuwa na baraza mbele, madirisha yalitazama upepo, na nguo za nyumbani zilikuwa pana. Kiyoyozi nacho hutoa nafuu, hilo halina ubishi, ila joto kinaloliondoa sebuleni hulitupa mtaani, usoni kwa muuza madafu aliyesimama na baiskeli yake chini ya dirisha.

Kiangazi hichohicho huleta na zawadi zake. Ndio msimu wa embe, dodo na bolibo zikiwa zimepangwa mafungu mafungu barabarani, na embe mbichi zikikatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili. Ndio wakati ambao juisi ya miwa, iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, huwa na thamani kuliko soda yoyote. Mwishoni mwa Desemba, jamaa wengi wakishapanda mabasi kwenda Moshi na kwingineko kula sikukuu, foleni hupungua na mji hupumua. Anayebaki huupata kwa nafasi. Halafu Januari huingia na ada za shule na kodi ya nyumba, na hapo ndipo mtoko wa bei nafuu unapoonyesha kazi yake.

Wikendi ya Dar huanza na supu. Asubuhi ya Jumamosi au Jumapili, Sinza, Tabata, Temeke, masufuria yako motoni mapema: supu ya mbuzi, ya makongoro, ya kuku wa kienyeji, na chapati pembeni. Mgeni hushangaa mtu anakunywaje kitu cha moto na pilipili katika hali hii ya hewa. Ila keti chini ya mwembe penye upepo, kamulia ndimu, kunywa. Jasho litakutoka, upepo utalikausha, na ndani ya robo saa utajisikia mwepesi kuliko ulivyofika. Bakuli lilelile katika chumba kisicho na hewa ni mateso. Mahali ni sehemu ya mapishi.

Mchana ni wa nyama choma, na hapo kuna utaratibu ambao mgahawa wa vioo hauna. Huletewi kitabu cha vyakula. Unakwenda dirishani kwa bucha, unaonyesha mbavu au paja, inapimwa kilo mbele ya macho yako, kisha inapelekwa jikoni. Nyama nzuri haiharakishwi, kwa hiyo unasubiri, na huko kusubiri ndiko mtoko wenyewe. Ndipo habari za ukoo zinapopita, ndipo Simba na Yanga wanapochambuliwa, ndipo anayedaiwa anapojaribu kubadilisha mada. Mhudumu akija na birika na beseni la kunawia, mazungumzo yamekwisha kolea. Nyama inakatwa kwenye ubao, ndizi za kuchoma na kachumbari vinawekwa katikati, kila mkono unachota. Pahali pengine ni kitimoto, na wanaokula wanajijua na wasiokula wana meza zao upande wa pili kwa amani.

Chakula cha katikati ya meza kina hesabu yake. Rafiki akipita barabarani na kuitwa, anaongezewa kiti na hakuna anayeona pengo kwenye ubao. Chakula cha sahani ya mmoja mmoja hakimruhusu. Yule ambaye mfuko wake umelegea wiki hiyo anaweza kuja, akachangia soda, akala kama wengine bila mtu kumhesabia. Kwenye meza ya bili iliyogawanywa kwa simu, mtu huyo hubaki nyumbani na kutuma ujumbe kwamba ana homa.

Jioni ndipo mji unapotoka wote. Katikati ya jiji, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, majiko ya mgahawa wa Mamboz huwashwa na moshi wa kuku hutangaza biashara kabla ya kibao. Coco Beach, pale Oysterbay, kuna mihogo: inakaangwa, inapasuliwa, inatiwa kachumbari na pilipili ya kutosha kumfanya mtu mzima alie hadharani. Pembeni mishikaki iliyolala kwenye ukwaju au papai, kwa kuwa papai bichi hulainisha nyama ngumu, na yule wa pweza anakata vipande na kukuchomea kijiti kimoja kimoja huku mnaendelea kuhesabiana. Ukitaka mbali kidogo, pantoni linakuvusha Kigamboni, au unazungukia daraja lililofunguliwa 2016, ukafika Mjimwema penye mchanga na samaki wa kukaanga. Mwenye nafasi zaidi hupanda boti kwenda Bongoyo au Mbudya, visiwa vilivyo ndani ya hifadhi ya bahari, akachomewa samaki akiwa na nguo ya kuogelea.

Kote huko hakuna anayehitaji buti. Na hapo tunaingia kwenye mavazi.

Nguo ya kiangazi cha pwani ina masharti machache: iwe ya pamba au kitani, iwe na nafasi ya kupitisha hewa kati yake na mwili, iweze kufuliwa leo na kuvaliwa kesho. Shati la mikono mifupi lisilobana. Pensi inayofika magotini. Dera. Kanga ya ziada kwenye mkoba, ya kukalia mchangani na kujifutia maji. Kikoi. Makobazi ya ngozi au sendo. Kofia ya kapelo au ya ukili. Ukiangalia orodha hiyo, hakuna kilichotoka kwenye gazeti la mitindo la Ulaya, na karibu yote fundi wa mtaani anaweza kukushonea au Kariakoo wanaweza kukuuzia. Kanzu ya Ijumaa ni nguo ya heshima kuliko nyingi, na wakati huohuo ndiyo inayopitisha upepo vizuri kuliko suruali yoyote. Pwani haijawahi kuona ugomvi kati ya heshima na hewa.

Ugomvi tuliutafuta baadaye. Mji huu una historia ndefu ya kupangiwa nguo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kuzuia sketi fupi, wigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua, ianze Januari mosi 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo, wanawake walivamiwa mitaani na vijana waliojipa kazi ya kuwapima nguo. Waliotangaza walisema wanalinda utamaduni. Walioumizwa walikuwa akina dada waliokuwa wakienda kazini.

Miaka hiyohiyo, hata hivyo, ilitupa na mfano wa upande wa pili. Mwalimu Nyerere na Kenneth Kaunda wa Zambia waliwapokea wakuu wa dunia wakiwa na suti zisizo na tai, mara nyingi za mikono mifupi, na hakuna aliyedhani kwamba nchi zao hazina serikali. Kaunda suti ilikuwa jibu la mtu mzima kwa hali ya hewa ya kwao. Na mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo kwa msaada wa China, kikatengeneza kanga na vitenge kwa pamba, zao la mashamba yetu. Kwa kitambo fulani tulikuwa na shamba, kiwanda, fundi na mvaaji ndani ya nchi moja, na kiongozi aliyevaa kulingana na jua.

Kilichofuata kinajulikana. Viwanda vililegea, masharti ya uagizaji yakalegezwa katikati ya miaka ya 1980, na marobota ya mitumba yakamiminika. Siwezi kuyasema vibaya kwa moyo wangu wote. Ukipekua vizuri pale Karume, Ilala, soko lililoungua Januari 2022 na watu wakarudi kusimamisha meza zao, utapata shati la kitani ambalo Mtaliano alilivaa likizo moja tu, na kwa kiangazi cha Dar hakuna lililo bora kuliko hilo. Lakini robota hilohilo lina majaketi ya baridi, masweta ya shingo ndefu na jinzi nene za kazi, na yote hupata wanunuzi. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo upendeleo katika soko lake, Tanzania na Kenya zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo. Mjadala ule ulihusu zaidi viwanda na ajira. Haukuuliza swali la mvaaji: kwa nini nguo iliyoshonwa kwa ajili ya theluji ionekane ya kishua kwenye nyuzijoto 32?

Jibu langu ni kwamba usumbufu umegeuzwa kuwa alama ya cheo. Anayevumilia koti kwenye joto anatangaza kwamba hatembei kwa miguu, kwamba gari lake na ofisi yake na mgahawa wake vyote vina baridi. Nguo nyepesi imeachiwa anayepanda daladala. Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi wa mwaka 2007, na ofisini jambo hilo lina mantiki yake. Kinachonikera ni ule waraka wa wikendi ambao hakuna aliyeuandika: mlinzi wa mlangoni anayemtazama mteja miguuni kabla ya kumtazama usoni, akamrudisha kwa sababu ya makobazi na kumpisha mwenye raba bandia. Hapo tunakuwa tumemkodi mtu atulinde dhidi ya mavazi ya pwani yetu wenyewe.

Niseme pia kwamba kujiachia kuna ustadi wake. Fulana iliyotoboka na bukta ya kulalia vinafaa uani, si kwenye mtoko. Shati jepesi likipigwa pasi, likakaa mabegani, na kucha za miguu zikakatwa kabla ya kuvaa sendo, mtu huyo kapendeza kuliko aliyelowa jasho ndani ya koti la kukopa. Na mnunuzi aangalie kitambaa: vitenge vingi vinavyouzwa leo vina poliesta, vinang'aa dukani na kuchemka juani. Kikunje kwa vidole, kiguse na maji kidogo uone kama kinanyonya. Fundi mkweli atakwambia kabla hujauliza.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana wana hoja. Wa kwanza watasema kula nje ni kukaribisha maradhi. Kipindupindu kilipozuka Dar Agosti 2015, wauza chakula wa barabarani walikuwa wa kwanza kuzuiwa, na mtu aliyewahi kuuguza hawezi kudharau hofu hiyo. Lakini moto wa mkaa hauleti kipindupindu. Kinacholeta ni maji machafu, kachumbari iliyooshwa kwa maji hayo, na mikono isiyo na mahali pa kunawa. Mama lishe hana bomba kwa sababu hakuna aliyemwekea bomba. Kumfukuza kila mlipuko unapotokea, na kumruhusu tena bila bomba ukiisha, ni kuahirisha mlipuko unaofuata.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa wanawake. Dada anayekwenda ufukweni na gauni la mikanda begani anajua atahesabiwa hatua zake kwa miluzi. Akivaa pensi, maoni yatatolewa kwa sauti. Ndani ya mgahawa wa vioo hakuna anayemgusa mkono kumwita mchumba. Kwa hiyo wengi wanaolipia kiyoyozi hawalipii baridi. Wananunua saa mbili za kuachwa kwa amani. Kivuli cha Operesheni Vijana bado kinatembea mitaani bila sare. Wito wangu wa kutoka nje utakuwa wa wanaume peke yao mpaka nje pawe mahali ambapo mwanamke wa dera, wa baibui na wa gauni fupi wote wanaweza kula muhogo wao wakamaliza. Wanaouza pale na wanaokaa pale wana uwezo wa kuukemea uhuni huo kuliko polisi yeyote. Muuza mishikaki akimwambia mteja wake wa kila siku aache, mteja huacha.

Hilo linanifikisha kwenye wajibu wa mji. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022. Wengi wao hawana kiyoyozi nyumbani, na vyumba vyao vya bati hupata moto kuanzia saa nne asubuhi. Kwao, kutoka nje Jumamosi ni kujiponya. Watakwenda wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, lakini tembea pwani kutoka Msasani kuelekea Kunduchi uone kuta zinavyoshindana kufika majini. Miti ya kivuli hukatwa barabara ikipanuliwa, na inayopandwa baadaye ni minazi ya mapambo isiyomfunika hata kuku. Wamachinga walipohamishwa barabarani mwishoni mwa 2021, wapita njia walipata nafasi yao, jambo la haki, lakini majiko mengi ya jioni yalipelekwa kwenye maeneo ambayo mteja wa miguu hapiti.

Mfano wa kuiga hauko mbali. Bustani ya Forodhani, Unguja, ilikarabatiwa kwa mradi wa Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena 2009. Jioni kuna taa, kuna kuta za kukalia, kuna urojo na mishikaki na miwa, na hakuna kiingilio. Mtalii, mvuvi na familia ya Ng'ambo wanakaa ukuta mmoja, kila mtu na nguo aliyoona inamfaa, na asiye na senti ya kununua chochote anaruhusiwa kukaa vilevile. Pale Coco Beach vibanda vimepangwa vizuri kuliko zamani, nami nawapongeza waliofanya hivyo. Lakini mji wa watu milioni tano hauwezi kuishi kwa ufukwe mmoja. Mbagala inataka mahali pake, Gongo la Mboto haina bahari kabisa na inataka bustani yenye miti mikubwa, bomba la maji, choo kinachosafishwa na taa zinazowaka mpaka saa nne usiku. Hivyo vinne vikipatikana, wapishi watajileta wenyewe na walaji hawatahitaji tangazo.

Halmashauri zinapokaa kupanga bajeti, viwanja vya starehe huonekana anasa ya kusubiri barabara na zahanati zimalizike. Nadhani hesabu hiyo ina kasoro. Mahali pa kukaa nje bure ndipo panapompa kipato mama wa mihogo, fundi wa shati jepesi, kijana wa madafu na mvuvi wa Feri, wote kwa jioni moja. Fedha ya mtoko wa nje huzunguka mtaani kabla haijafika benki.

Na sisi walaji tuna sehemu yetu, ambayo haihitaji bajeti. Tuache kumpima mtu kwa viatu vyake siku ya Jumamosi. Tukialika wageni, tuwapeleke penye upepo kabla ya kuwapeleka penye vioo, tena kwa kujidai. Tumlipe mpishi wa barabarani bila kumkandamiza bei kwa sababu tu hana kuta. Mji wenye kiangazi cha miezi minne kila mwaka hauna sababu ya kukipokea kila mara kama ajali iliyomkuta mgeni. Diwani atakayekuja kuomba kura mwaka wowote aulizwe swali moja kabla ya kupewa kipaza sauti: mtu asiye na hela ya soda, katika kata yako, anakaa kivuli gani Jumapili saa nane mchana?